Alama ya Tairi kwenye Mfuko wa Saruji

Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, mnaokuja kwangu Ngokolo na simu zenu mkiniuliza mzee, gari la umeme nilivalishe rimu gani, nianze kwa kuwaambia kwamba mimi mwenyewe nililiogopa. Nilikuwa nimefanya kazi ya matairi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilishaziba ya baiskeli, ya trekta, ya mkokoteni wa ng'ombe, ya basi, na nilishafanya kazi mgodini Geita, kwenye yale malori ambayo tairi lao moja ukisimama ubavuni unafika katikati tu. Hata hivyo siku Shija alipoliingiza gari lake uani kwangu nilisimama na spana mkononi nikasahau nilichokuwa nafanya. Liliingia bila sauti. Kuku hawakuhama. Mbuzi wa jirani alikuwa amelala njiani, na alishtuka pale pua ya gari ilipokaribia kumgusa mgongo.

Huyu Shija ni kijana wa umri wenu, broka wa dhahabu, kwao Kharumwa. Wengine wakipata hela wanajenga ghorofa, yeye aliagiza gari la umeme la mashindano, likaja kutoka Dar limebebwa juu ya lori. Nyumbani kwake, mitaa miwili kutoka gereji yangu, alivuta umeme wa njia tatu kwa ajili ya kulichaji. Wazee wa mtaa waliliita jini. Mimi sikuliita jini, ila siku aliponiambia nipande nilitafuta kwanza mkanda ulipo.

Tulitoka mpaka penye lami iliyonyooka, akaniuliza kama nipo tayari, nikasema nipo. Akakanyaga. Sikusikia kitu chochote, ila mgongo uliingia kwenye kiti na tumbo langu likabaki nyuma, Ngokolo. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nimepanda magari mengi yenye fujo, na fujo ile ndiyo inayokuambia jiandae, gari linakuja na nguvu zake. Hili halikuambii. Nguvu yote inafika papo hapo, na inafika chini kwenye matairi. Tuliporudi sikuangalia viti vya ngozi wala ile skrini kubwa. Nilichuchumaa nikaangalia mpira, nikastaajabu kwamba kitu cheusi kile, kinachotupwa jalalani bila heshima, ndicho kilichokuwa kimeshika mambo yote yale.

Sasa hapo lazima niwaeleze kuhusu Mzee Athumani, maana bila yeye hamtaelewa kosa langu. Ndiye aliyenifundisha kazi, karibu na soko, hapa mjini Shinyanga. Babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka pwani akaoa Msukuma, kwa hiyo Mzee Athumani alikuwa anasalimia asubuhi kwa "mwangaluka" na mteja akiondoka anamwombea dua kwa Kiarabu. Hakuwahi kunipigia kelele. Ukikosea alikuwa anakuletea chai, anakaa karibu na wewe, na anasubiri uone mwenyewe ulipokosea. Ningependa zaidi anipige.

Nakumbuka gari la mwalimu mmoja wa Tinde. Nilimfungia rimu za mtumba, nati zikaingia vizuri, nikampa gari. Kesho yake akarudi, usukani unatetemeka akifika themanini. Nikafanya balansi. Akarudi. Nikafanya tena, mara nne, mpaka mwalimu akaanza kuniangalia kama mwanafunzi aliyerudia darasa. Mzee Athumani akaniletea chai. Nilipomaliza kikombe nikaona: tundu la katikati ya rimu lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha hubu, kile chuma cha katikati rimu inapokaa. Rimu ilikuwa inaning'inia kwenye nati tu, haijakaa. Inahitaji pete ya kujaza ile nafasi, kitu kidogo kama bangili. Kwa hiyo msihesabu matundu ya nati mkasema imeenea. Pimeni na tundu la katikati, na muangalie rimu inaingia ndani kiasi gani na inatoka nje kiasi gani, maana ikitoka sana inakula bearingi na ikiingia sana inakula shokapu.

Ila kubwa alilonifundisha ni kusoma mfuko. Ukishafunga tairi, unachanganya grisi na masizi, unapaka pale linapokanyaga, unaliteremsha juu ya karatasi ya mfuko wa saruji uliofumuliwa, kisha unanyanyua tena. Kinachobaki kwenye karatasi ni alama ya mahali gari linaposhika ardhi. Mara ya kwanza kuiona nilidhani tumekosea. Alama ilikuwa ndogo, kama kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa. Nikamuuliza hiyo ndiyo yote? Akasema ndiyo yote. Gari, abiria, magunia ya mpunga, na maisha ya kila aliyemo yamesimama juu ya viganja vinne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sijaacha kushangaa mpaka leo.

Alama ikijaa vizuri kuanzia bega hadi bega, umefanya kazi. Ikijaa pembeni tu, upepo hautoshi. Ikijaa katikati tu, upepo umezidi au tairi si la gari hilo. Mzee alinishika bega siku hiyo akaniambia maneno ambayo hakuwahi kuyarudia: "Masanja, mwenye gari atakudanganya uzito, na macho yako yatakudanganya. Usome mfuko kabla hujampa ufunguo."

Nirudi kwa Shija. Gari lake lilikuja na rimu ishirini na moja, na mpira wenyewe mwembamba kama chapati ya mtu mchoyo. Barabara ya kwenda kwao Kharumwa ilikuwa imeshachana matairi mawili ubavuni. Alitaka rimu ndogo zaidi na mpira mnene zaidi, na hapo alikuwa na akili kabisa. Mwili wa gari haupungukiwi kitu, na jiwe linapata mpira wa kugonga badala ya chuma.

Nikasukuma jeki ya magurudumu chini ya tumbo la gari kama ninavyofanya siku zote. Shija aliruka kutoka kwenye benchi akaishika jeki kwa mikono miwili. Betri ya gari lile imetandazwa chini ya sakafu yote kama godoro, na mimi nilikuwa naenda kulitoboa. Gari la umeme lina sehemu nne tu za kunyanyulia, pembeni, na zisipowekewa mpira maalumu mnaharibu. Andikeni hilo mahali. Kisha nikasoma kibandiko cha mlangoni chenye uzito wa gari, nikavua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Gari dogo la chini namna ile lilikuwa na uzito wa pickup iliyopakiwa.

Kupima tulipima vizuri. Rimu kumi na saba ilikataa kabisa, breki za mbele za gari lile ni kubwa mno. Kumi na nane ilipita. Kujua kama inapita kweli, bandika donge la udongo laini juu ya kaliper ya breki, funga rimu, izungushe kwa mkono, ifungue, uone udongo umebaki na unene gani. Ulibaki mwembamba kama sarafu mbili. Kumi na tisa ilipita kwa nafasi nzuri, na hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi. Kibandiko kilisema upana mia mbili sitini na tano, unene thelathini na tano, rimu ishirini na moja. Ukishuka mpaka rimu kumi na tisa unapandisha unene mpaka arobaini na tano, na kimo cha tairi kinabaki kilekile, tofauti milimita mbili. Kimo kikibaki, kipima mwendo hakidanganyi na kompyuta ya breki haichanganyikiwi. Kisha unatafuta namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni, isiwe chini ya ile ya matairi yaliyokuja na gari. Nilijua yote haya. Tatizo ni kwamba matairi hayo yalikuwa Dar, na yangechukua wiki mbili kufika.

Na Shija alikuwa anasafiri kesho yake. Mke wake alikuwa ametimiza siku arobaini tangu ajifungue mtoto wao wa kwanza, Limi, na walikuwa wanampeleka kwa bibi yake Kahama akaonwe. Alikuwa ameshawaambia wakweze atakuja na gari lile. Akaniangalia. Uani walikuwa wameshajaa watu, madereva wa bodaboda, mafundi wa jirani, akina mama waliotoka kisimani, wote wamekuja kuona jini linavyofunguliwa miguu.

Hapa kwetu, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, tuna dawa moja ya kila ugonjwa wa tairi, nayo ni plai, yaani tabaka za nyuzi ndani ya mpira. Gari la kwenda maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, plai kumi. Hiace inayobeba viroba vya mawe ya dhahabu, plai nane. Barabara mbaya, ongeza plai. Gari zito, ongeza plai. Tumeamini hivyo miaka yote kwa sababu kwa magari yetu ilikuwa kweli. Nami nilikuwa na matairi manne ya pickup stoo, rimu kumi na nane, plai kumi, yenye meno ya kukanyaga tope. Yalizidi ya zamani kimo cha vidole viwili. Nikasema tufunge hayo, gari litanyanyuka, afadhali. Gari zito, barabara mbaya, plai kumi. Watu wakapiga makofi. Jini limevaa raba za kwetu.

Niliyajaza upepo mwingi kama wa pickup, nikapaka grisi na masizi, nikachukua alama kwenye mfuko. Mkono ulifanya wenyewe kwa mazoea. Halafu mtu akaniomba nipige naye picha mbele ya gari, na mwingine, na mwingine. Nikauviringisha mfuko bila kuusoma, nikauweka juu ya kabati, nikampa Shija ufunguo.

Asubuhi yake, saa moja na nusu, nilikuwa natafuta koleo juu ya kabati mfuko ukaanguka. Nikaukunjua sakafuni.

Hapakuwa na kiganja. Palikuwa na mistari miwili myembamba ya meno, katikati, basi. Mabegani karatasi ilikuwa safi kama ilivyotoka kiwandani. Tairi lilikuwa gumu mno hata uzito ule haukuweza kulilaza. Kupunguza upepo kusingeponya, maana tairi gumu kama lile ukiliendesha na upepo mdogo kwa mwendo wa lami linachemka. Na kwa kuwa kimo kilizidi, kipima mwendo kingesema mia wakati gari linakwenda karibu mia na tano. Nikakaa chini palepale. Gari lenye nguvu kuliko yote niliyowahi kugusa, zito, lenye mama na mtoto wa siku arobaini, nilikuwa nimelisimamisha juu ya kucha. Kwenye lami kavu lingekwenda na mtu asijue. Upande wa Tinde, njia yao ya Kahama, wingu lilikuwa linapanda.

Nilichukua simu. Namba ya Shija ilikuwa ya kwanza. Sikupiga.

Nawaambia ukweli kwa sababu nyinyi mtafika hapo siku moja. Nilianza kufikiri kwamba Shija ni dereva mzuri. Nikafikiri kwamba huenda mvua isinyeshe. Nikafikiri picha zile zimeshazunguka mji mzima, Masanja na gari la umeme, na vijana wa gereji za jirani watacheka mpaka walie. Nikaandika ujumbe nikaufuta. Nikajiambia nitampigia jioni akishafika, nimwambie arudi taratibu. Chai ililetwa ikapoa. Nilijua wanaondoka saa mbili, na nyumba yao ningeweza kuifikia kwa miguu kabla hawajafunga mlango. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu tone la kwanza la mvua lilipiga bati, na vidole vyangu vikapiga namba ile vyenyewe.

Simu iliita mara nyingi mno. Alipopokea alisema wapo Tinde, wamesimama chini ya kibanda cha duka, mtoto ananyonya. Walikuwa wamechelewa kuondoka kwa sababu Limi alitapikia nguo zake za safari. Nikamwambia, "Baba Limi, usiwashe gari. Nimekosea matairi. Usiwashe kabisa, nakuja."

Nilikodi kirikuu cha jirani, kile kigari kidogo cha mizigo, tukaenda nacho kwa kasi ambayo kirikuu hakijazoea. Nilimkuta mke wa Shija amekaa kwenye benchi na mtoto ndani ya khanga. Akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, nami sikuweza kumwangalia usoni nilipoitikia. Nikawaeleza. Tukakubaliana mama na mtoto warudi mjini kwenye kiti cha mbele cha kirikuu, mimi na Shija tulirudishe gari polepole, mwendo wa baiskeli.

Mvua ilikuwa imeshikilia. Tulikwenda thelathini, hatuzidi. Karibu na mjini ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, mbali bado, na Shija akagusa breki kama dereva yeyote mwenye akili. Gari halikusimama. Breki zilitetemeka chini ya miguu yetu, matairi yakatafuta ardhi yasiipate, nasi tukawa tunateleza taratibu kuelekea kwa ng'ombe bila kelele yoyote, mchungaji anatuangalia. Lilisimama pale ambapo ningeweza kumshika ng'ombe wa mwisho mkia. Na huo ulikuwa mwendo wa thelathini tu. Shija aligeuza shingo. Alikuwa anaangalia kiti cha nyuma, pale kilipokuwa kimefungwa kikapu cha mtoto.

Kisha akaniuliza, "Fundi, uligundua saa ngapi?"

Nikamjibu, "Sasa hivi. Nilipogundua tu nikakupigia."

Matairi sahihi ya rimu kumi na tisa yalifika baada ya wiki mbili. Nilichukua alama, nikausoma mfuko nikiwa nimepiga magoti, nikawaita watu wote wauone: viganja vinne vimejaa bega hadi bega, vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Shija alinipeleka tena kwenye lami iliyonyooka na tumbo langu likabaki tena nyuma, na safari hii sikuogopa, nilishukuru tu kwamba nimeishi nikaona gari la namna hii. Tangu siku hiyo akikaa na watu anawasimulia. Anasema kuna mafundi wangenyamaza walinde jina, lakini Mzee Masanja alipogundua kosa lake hakumeza hata mate, alipiga simu papo hapo. Wateja wangu wa mwisho kabla sijastaafu walikuja kwa sababu ya habari hiyo. Na Limi, ambaye sasa anakimbia, kila akiletwa kwangu anaambiwa amsalimie babu aliyemwokoa, na ananiamkia, na mimi naitikia marahaba.

Shija, kijana wangu wa gereji amesema atakusomea haya. Nilijua tangu saa moja na nusu. Ulikuwa bado hujatoka nyumbani.